Siku moja dukani, mashine ya presha ikiwa mkononi mwangu

Saa 11:20 alfajiri

Adhana haijaisha, vidole viwili vimeshatangulia shingoni kutafuta mapigo. Ndivyo asubuhi zangu zilivyoanza kwa karibu miaka minne: nahesabu mapigo, natazama ulimi kwa kioo cha simu, nakunja na kukunjua mkono wa kushoto nione kama nguvu yake ni sawa na ya kulia. Leo nimefika pigo la tisa nikakumbuka kwamba najifunza kuacha kujikagua. Nikautoa mkono, nikauweka chini ya mto.

Mama yangu alianguka kwa kiharusi mwaka 2019, sufuria ya maharage ikiwa motoni. Hakuwahi kujua kama ana presha. Mimi ndiye niliyemwinua, na nadhani sijawahi kumshusha.

Saa 12:40 asubuhi

Watoto wanavaa sare, chai iko mezani. Shavu la kushoto nalihisi zito. Najikuta nimeshasema: "Baba, hebu niangalie, mdomo wangu umekaa sawa?"

Mume wangu ananitazama, halafu anasema sentensi tuliyokubaliana: "Hilo mama tulisema nisilijibu. Njoo unywe chai."

Wiki ya kwanza aliponijibu hivyo nililia, nikaona amenichoka. Zamani angesema, "Uko sawa kabisa," nami ningepumua. Dakika kumi baadaye ningemuuliza tena kwa maneno mengine, labda hakuangalia vizuri, labda mwanga ulikuwa hafifu. Mwanasaikolojia anayenitibu hofu hii ya kuugua alimwita kikaoni akamweleza mbele yangu: kila ukimhakikishia, hofu inatulia haraka, na kwa kuwa imetulia kwa jibu lako, akili inajifunza kwamba bila jibu lako asingekuwa salama. Ni kama kukuna upele. Unasikia raha na unaongeza kidonda. Mume wangu alitoka pale kanyamaza, kwa sababu miaka yote alidhani ananisaidia.

Shavu bado zito. Nimekunywa chai nalo hivyohivyo.

Saa 2:00 asubuhi

Nauza kwenye duka la dawa hapa Morogoro, si mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Nafagia, nafuta vumbi rafuni, naandika joto la chumba kwenye daftari, kisha naitoa mashine ya presha kabatini na kuiweka kwenye meza ndogo kando ya benchi. Inakaa hatua mbili kutoka ninaposimama mimi.

Kazi niliyopewa wiki hii ni moja: kuanzia kufungua mpaka kufunga, nisijipime.

Kuna kipindi nilijipima hata mara ishirini kwa siku. Ningepata 118, nifurahi. Nipime tena kuhakikisha, ije 127. Mbona imepanda? Nipime tena, 139. Hapo miguu inaisha nguvu, maana najua 140 kwa 90 ndipo madaktari wanapoanza kukuangalia kwa jicho jingine. Mteja nilikuwa namkalisha dakika tano kwanza, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiongee. Mimi mwenyewe nilijipima nimesimama, kati ya mteja na mteja, nimebana pumzi. Presha haikai mahali pamoja siku nzima kwa mtu yeyote. Inapanda ukitembea, ukiongea, mkojo ukikubana, na inapanda ukiogopa. Nilikuwa naipima hofu yangu, halafu naiogopa namba yake.

Saa 4:15 asubuhi

Anaingia mzee wetu wa kila siku, mstaafu wa reli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Nipime."

Jana alipimwa hapahapa. Juzi pia. Leo, kwa maneno yake, ameshapimwa duka la huko chini, wakamwambia iko vizuri, lakini mashine yao haiamini. Dawa zake anameza bila kukosa. Kadi ya kliniki anatembea nayo mfuko wa shati, na humo daktari ameandika apime Jumatatu tu. Leo ni Alhamisi.

Naifahamu ile sauti ya "hebu tena kidogo." Ningeweza kumpima, nichukue hela yake, aondoke na furaha ya robo saa. Nimefanya hivyo miezi mingi na naijutia. Nikaketi naye kwenye benchi. Nikamwuliza kama anaumwa kichwa, kama haoni vizuri, kama kifua kinabana, kama kuna upande wa mwili umelegea. Hapana, hapana, hapana. Basi nikamwonyesha mwandiko wa daktari wake kwenye kadi.

"Baba, mimi nafuata alichoandika daktari. Jumatatu nitakupima vizuri, tutaandika hapa."

"Nikifa kabla ya Jumatatu?"

Sikuwa na jibu. Hilo ndilo swali langu mwenyewe la kila usiku. Ningemwambia hafi ningekuwa namdanganya, na pia ningekuwa namkuna upele. Nilisema, "Hata mimi naogopa hivyo, baba. Kweli kabisa." Alinitazama kwa muda, akasimama, akaondoka bila kuaga.

Saa nzima iliyofuata nilihudumia watu huku nikiangalia barabara alikopita.

Saa 7:30 mchana

Imekuja. Mama mmoja ameniuliza dawa ya ganzi za miguu, na neno ganzi likanishika. Vidole vikaanza kama sisimizi wanatembea, midomo ikafuata, kichwa chepesi, moyo unagonga kama mtu yuko nje ya mlango.

Mwili unafanyaje, nimefundishwa, na kujua kunasaidia kiasi. Ukiogopa unahema haraka. Ukihema haraka unatoa hewa ya ukaa kuliko kawaida, damu inabadilika kidogo, ndipo kinakuja kizunguzungu na zile sisimizi za vidoleni na mdomoni. Moyo unakimbia kwa sababu mwili umeambiwa kuna simba. Dalili ni za kweli, wala sizitungi. Nilichokosea miaka yote ni tafsiri yake.

Mashine ipo hatua mbili. Simu ipo mfukoni, na ukiandika "ganzi midomoni" intaneti haitakosa kukuletea ugonjwa wa kukulaza macho.

Nimechukua daftari, nikaandika: "Saa 7:34. Natabiri nitaanguka kwa kiharusi kabla ya saa 9. Uhakika wangu 80 kwa 100." Ukurasa wa mwisho wa daftari hilo, daktari wangu ameniandikia dalili za kutosubiri wala kutojadili: mdomo kupinda ghafla, mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, maneno kuvurugika, kifua kubana kusikoachia. Nikiwa na mojawapo nakwenda hospitali, hakuna zoezi. Kuusoma ukurasa huo nako kumewekewa mpaka, mara moja tu kwa siku. Zaidi ya hapo unageuka kuwa mashine nyingine ya presha.

Sikujilazimisha kutulia. Nilirudi kupanga chupa za dawa za kikohozi, na sisimizi zangu vidoleni.

Saa 9:05 nimeandika chini yake: "Nimesimama. Nimehudumia watu sita."

Saa 10:30 jioni

Simu ya mwanasaikolojia, dakika ishirini, nimejibanza nyuma ya duka. Kila wiki mbili naenda kwake Dar es Salaam kwa treni ya SGR, na tangu treni ile ianze kubeba abiria mwaka 2024 naondoka asubuhi nikarudi kupika. Wiki ya katikati anapiga.

Nilifika kwake nimechelewa. Kabla yake nilikopa kikoba nikalipia picha ya CT-scan, na daktari aliyenisomea majibu alisema, "Huna ugonjwa wowote, acha kujitakia," akamwita mgonjwa mwingine. Neno lile liliniuma kuliko deni. Ndugu wakasema ni pepo, nikaombewa. Mwanasaikolojia huyu ndiye wa kwanza kuniambia hili lina jina na lina tiba. Zamani waliliita haipokondria, na mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliliacha jina hilo kwenye mwongozo wao, sababu mojawapo ikiwa wagonjwa walilisikia kama dharau. Shirika la Afya Duniani bado linalitumia, ila limeuweka ugonjwa wenyewe kwenye kundi moja na ule wa mtu kurudia kunawa mikono au kukagua mlango. Niliposikia hivyo nilijiona mzima mzima. Wengine huongezewa dawa za sonona, ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Mimi naendelea na mazungumzo na mazoezi.

Leo nimemsimulia habari za mzee. Aliuliza, "Na wewe, umebaki na nini mkononi?" Nikamwambia nimebaki na kutojua kama kafika nyumbani. "Unaweza kukaa nako mpaka jioni?" Nikasema nitajaribu.

Saa 12:50 jioni

Milima ya Uluguru imeshaingia giza. Nimekunja mkanda wa mashine, nimeiweka kabatini, nimefunga. Mara moja tu leo niliugusa mkanda huo nikitamani, nikauacha.

Navuta geti, naona mtu benchi la nje. Mzee. Hakusema habari za kupimwa. Aliuliza kama najua enzi zao treni ya abiria kutoka Dar ilifika hapa saa ngapi. Nikasema sijui. Akaanza kunieleza, vituo kimoja kimoja: Ruvu, Ngerengere, Kingolwira. Nikakaa. Mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa shati, kwenye kadi, na wangu nilikuwa nimeukalia.