Kijani kwenye dakika ya 52

Februari ya 2012 Dar es Salaam ilikuwa na joto lile la kaskazi ambalo hata usiku halikuachii. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Temeke, nusu kitanda, nusu studio, nikihariri video za harusi. Kompyuta niliinunua Kariakoo, mtumba, na ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel Core 2 Quad Q6600: viini vinne, gigahezi 2.4. Prosesa hiyo ilitoka 2007, kwa hiyo ilinifikia ikiwa imeshakula chumvi, lakini kwangu ilikuwa mali. Shida ilikuwa muda. Harusi ya saa mbili iliichukua karibu saa sita kurenda, yaani kuigeuza video iliyohaririwa kuwa faili la mwisho, na wateja walikuwa wameanza kupanga foleni.

Vijana wa kompyuta walikuwa wakisema Q6600 inakubali kupandishwa kasi, na walisema kweli. Hesabu yake ni nyepesi: prosesa inachukua kasi ya FSB, ile njia inayoiunganisha na memori, inaizidisha mara 9. FSB ya megahezi 266 inakupa 2.4, ukiifanya 333 unapata 3.0. Robo nzima ya kasi bila kutoa shilingi. Usiku mmoja niliingia kwenye BIOS, ile kurasa ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, nikaandika 333, nikahifadhi. Windows ikawaka kama kawaida. Harusi ya kwanza ikatoka kwa muda usiofika saa tano, na furaha ikaninyima usingizi.

Haikupita wiki, skrini ya bluu, ile ya Windows kuanguka, ikaanza. Mara kazi ikiwa asilimia 40, mara 10, mara inamaliza yote salama nami nadhani imepona. Kila niliyemuuliza alijibu neno moja: ongeza volti. Nikatoka 1.30 nikaenda 1.35, kisha 1.40. Joto la viini likapanda mpaka nyuzi 88. Nikavua ubavu wa kasha na kuielekezea feni yangu ya mezani, nikawa nalala bila feni ili kompyuta ipate upepo.

Nilikuwa nikipima kwa Prime95, programu iliyotengenezwa kutafuta namba tasa kubwa kupita kiasi. Inafaa kupima mashine kwa sababu majibu ya hesabu zake yanajulikana. Kiini kikikosea hata kidogo, inakisimamisha. Kwangu ilikuwa ikileta ujumbe uleule: kosa la kukadiria namba limefika 0.5, lilitakiwa liwe chini ya 0.4. Mimi nikausoma kwa namna moja tu, kwamba prosesa yangu ni dhaifu. Kwa siku kumi na mbili sikufikiria kingine.

Kilichonitoa huko hakikuwa skrini ya bluu. Mama mmoja alikuja kuchukua DVD ya harusi ya binti yake. Binti alikuwa anasafiri Ijumaa kumfuata mumewe Mwanza, na mama alitaka aondoke nayo. Tukakaa tuitazame. Dakika ya 52, bwana harusi ameshika kidole cha mwenzake, pete inaingia, na hapohapo vikatokea vipande vya kijani, vya mraba, kimoja ukubwa wa ukucha wa dole gumba, vimejipanga kutoka kwenye shela hadi kidevuni. Havikukaa hata sekunde moja.

Mama akauliza taratibu, "Mwanangu, hiki nini usoni kwa binti yangu?"

Kazi ile ilikuwa imerendwa hadi mwisho bila kukwama. Ndipo nilipoogopa kweli. Mashine inayozima unaijua kwamba inaumwa. Hii ilikuwa imefanya hesabu za uongo saa tano mfululizo, ikaniambia imemaliza, nami nikaandika jina la bi harusi juu ya diski kwa kalamu. Nilimwomba anipe wiki. Akanipa mpaka Alhamisi.

Jumapili baba mdogo alipita kunijulia hali. Ni fundi redio wa miaka mingi, kompyuta hajawahi kuifungua.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona macho mekundu hivi?"

Nikamweleza yote, namba kwa namba. Akasikiliza akiitazama ile feni, kisha akauliza, "Hiyo 266 uliyoifanya 333, inamlisha nani?"

"Prosesa."

"Peke yake?"

Nikanyamaza. Akaendelea, "Kwenye redio ukipandisha umeme wa mstari mmoja, kila kilichoungwa kwenye mstari huo kimepandishiwa. Wewe umemshika mmoja tu unampiga. Na volti umeongeza, kasha umefungua, feni umeleta, vyote kwa mpigo. Leo ikipona utajua nini kimeiponya?"

Akaniambia nitafute daftari. Nikachukua la shule, la kurasa 48, na tukakubaliana: naandika kwanza, nabadili kitu kimoja, napima, naandika tena.

Baada ya yeye kuondoka nilirudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Mstari wa kwanza wa daftari: 266, volti ya kawaida, Prime95 kipimo cha mchanganyiko kinachogusa prosesa na memori pamoja, saa sita, makosa 0. Mstari wa pili: 333, volti ileile ya kawaida, ila sasa kipimo cha hesabu ndogo. Hizo zinaingia zote kwenye kashe, memori ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, megabaiti 8 kwa Q6600, memori ya nje haiguswi karibu kabisa. Saa nne, makosa 0. Mstari wa tatu: 333, volti ileile, kipimo cha mchanganyiko. Dakika 11, kiini cha tatu kikasimama.

Nililala chali nikiitazama dari. Prosesa niliyokuwa naiongezea volti siku kumi na mbili ilikuwa imefanya kazi saa nne kwa gigahezi 3.0, kwa volti yake ya siku zote, bila kosa hata moja. Ilianguka tu pale memori ilipoingia kazini.

Nikafungua CPU-Z, programu inayoonyesha kasi ya vifaa vya kompyuta, ukurasa wa memori. Ilisomeka megahezi 500. Nikazima, nikachomoa kijiti kimoja cha memori, nikakisogeza kwenye taa: lebo iliandikwa DDR2-800. DDR2, aina ya memori hizo, inapitisha data mara mbili kwa kila pigo, kwa hiyo 800 ya kwenye lebo ni 400 ya kwenye CPU-Z. Yangu ilikuwa inakimbizwa 500, sawa na 1000. Nikarudi BIOS, na namba yenyewe ilikuwepo pale, mstari wa nne kutoka juu, sikuwahi hata kuisoma: kizidishi cha memori, 3.00. Mara 266, inatoa 800 safi. Mara 333, inatoa 999. Kila nilipopandisha prosesa nilikuwa napandisha memori nyuma yake, na memori hizo za mtumba hazikuwa na nguvu hiyo.

Nikaweka 2.40. Mara 333, inatoa 799. Memtest86+, programu ya kupima memori, ikalala ikipima mpaka asubuhi, hakuna mstari mwekundu hata mmoja.

Lilibaki joto, kwa sababu kiini kimoja kilikuwa bado kinasoma nyuzi 79 hata baada ya volti kushuka. Nikapapasa pini nne za plastiki zinazoshika feni ya prosesa kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Tatu zilikuwa imara, ya nne ilicheza chini ya kidole. Haikuwa imeingia mpaka mwisho, labda tangu Kariakoo, labda tangu ilikotoka. Nilipoing'oa feni nikakuta ile dawa nyeupe ya kupitisha joto imekauka, inabanduka kama chokaa ya ukutani. Nikaifuta kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya mchele, nikatoa mazabodi nje ya kasha ili niweze kuishikilia kwa nyuma, na kuzibana pini mbili mbili kwa mshazari. Ya nne safari hii ililia "tak", sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka upande ule. Nyuzi 66, na ubavu wa kasha umefungwa. Usiku huo nililala na feni yangu.

Sikuyaamini tena mafaili yaliyoandikwa kwenye diski siku zile, kwa sababu yote yalipita kwenye memori hiyohiyo. Nilianza upya kwenye kanda za kamera zenyewe, za MiniDV, nne, za saa moja moja, na kanda haiharakishwi: saa moja inaingia kwa saa moja. Alhamisi jioni mama alikuja na binti mwenyewe. Tukakaa watatu kitandani. Dakika ya 52 pete iliingia, shela nyeupe, kidevu kizima. Binti akaomba nirudishe nyuma aone tena.

Kulikuwa na harusi nyingine mbili nilizokabidhi ndani ya siku zile kumi na mbili, na hakuna aliyenipigia kulalamika. Nilizitazama nakala zangu mwanzo mpaka mwisho, dakika kwa dakika, kalamu mkononi. Ya Buguruni ilikuwa safi. Ya Mbagala nilikuta kijani sehemu mbili, dakika ya 18 wakati wa kukata keki, na dakika ya 71, juu ya bibi mmoja aliyekuwa anacheza peke yake. Nikaitengeneza upya usiku kucha, na Jumamosi asubuhi nikapanda daladala na diski mpya.