Aujuaye Mkoko ni Aliyeukata

Marehemu baba alikuwa mkata boriti za mikoko. Akishaondoka na wenzake kupita Mkanda, ule mlango wa bahari wa hapa kwetu Lamu, hatumwoni mpaka mashua ijae fito, pau na boriti. Miti ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na mimi nilizijua korija kabla ya kujua hesabu za darasani. Wiki iliyopita mgeni mmoja aliniuliza nimesomea wapi habari za mikoko. Nikamwambia, kwa baba.

Siku hizi kazi yangu ni kuwapeleka wageni Takwa, yale magofu ya kisiwani Manda. Kufika huko unapita mkono mwembamba wa bahari, mikoko kulia na kushoto, na haupitiki ila maji yamejaa. Nikifika katikati nazima mashine nashika pondo. Hapo ndipo utalii wenyewe unapoanza. Namchumia mgeni jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko, namwambia alilambe. Chumvi tupu! Mchu huishi kwenye maji ya bahari na chumvi inayozidi huitolea majanini. Kisha namwonyesha tunda la mkoko, linavyoota likiwa bado juu kwa mama yake, likirefuka mfano wa ganda la mlonge. Likidondoka maji yakiwa yametoka, hujichoma kwenye tope likasimama. Likidondoka maji yamejaa, huelea likatafute pwani nyingine. Juzi mtoto wa mgeni aliokota moja likielea, akaniomba tulipande. Tukashuka, tope likatufika magotini, akalichomeka kwa mikono yake miwili. Hakutaka kuondoka pale.

Kinachoniuma ni malipo. Kuna hoteli iliwahi kunipa wageni wanane. Walilipa hukohuko hotelini, kwangu ikafika pesa ya petroli na ya unga. Isitoshe, saa ya kuondoka waliipanga wao, baada ya kifungua kinywa. Niliwaambia leo bamvua, maji yakijaa hujaa sana na yakitoka hutoka mbali, hawakunisikiliza. Tukakwama topeni saa tatu nzima juani, na lawama nikazibeba mimi.

Nimekwenda Mida, karibu na Watamu, nikapita juu ya lile daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Kule Gazi, Kwale, kina mama wana njia yao ya mbao, na mgeni akimaliza kutembea anapikiwa chakula cha Kiswahili. Gazi hiyohiyo, tangu 2013, wanalipwa kwa hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao, na fedha zake zinaingia kwenye maji na shule za kijiji. Sasa fikiria: karibu asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti yetu ya Lamu. Tunangoja nini?

Mimi nataka wakataji ndio waanze kuwatembeza wageni. Serikali iliposimamisha ukataji miti mwaka 2018, ami yangu aliliweka shoka chini akakaa barazani, mtu mzima mwenye nguvu zake. Ni yeye anayeweza kukutazamia mti akakwambia hii ni pau, hii bado miaka iwe boriti. Mgeni analala kwenye nyumba ya mawe mjini, anashangaa mbona chumba ni chembamba hivi, wala hajui kwamba upana ule ulipimwa na urefu wa boriti. Ami anajua. Lakini anayelipwa kueleza ni kijana aliyekariri karatasi.

Basi tumekaa vikao viwili barazani kwake. Tumekubaliana bei iwe moja kwa kila mashua, iandikwe ubaoni pale gatini, na fungu litengwe la kina mama wanaootesha miche. Saa ya kuondoka itapangwa na maji. Ami alisita, akasema, "Mwanangu, mimi Kizungu sina." Nikamwambia, ami, wewe shika pondo useme Kiamu chako, mimi nitatafsiri.

Tunaanza bamvua ijayo.