Sisi tutaingilia wapi?

Pendekezo la tasnifu yangu, ya kutafiti nyimbo za harusi za wanawake kwa kuandika mchezo wa kuigiza, limepita, dada kajifungua salama, na mshahara wa kufundisha umeingia hatimaye. Lakini wiki nzima nimelala na kuamka na swali la yule profesa wa mwisho kwenye jopo.

"Tukiutoa huo mchezo wako, utafiti unabaki na nini?"

Nikamjibu, "Mchezo ndio utafiti wenyewe, Profesa." Akaniangalia, akasema, "Sawa," kisha akaandika maneno machache kwenye karatasi yake. Sawa gani ile? Na kaandika nini? Ningemtajia Kinjeketile: Ebrahim Hussein aliwapandisha jukwaani watu wa Majimaji, na tangu 1969 wasomi wanabishana juu ya vita vile kupitia mchezo wake. Ningemwambia Mwana Kupona hakuandika ripoti mwaka 1858. Alimwandikia bintiye utenzi, na leo anayetaka kujua mwanamke wa Pate alitarajiwa kuishi vipi huanzia hapo. Yote haya yamenijia nikiwa ndani ya matatu.

Alhamisi nikapeleka onyesho la pili kwa Nyanya, Mji wa Kale. Wenzake wa vugo, ngoma ya harusi ya wanawake inayopigwa kwa pembe, walikuwapo, wale wale mnaowajua, na pembe za nyati zimeshatolewa kabatini. Nikausoma wimbo wa mama wa bibi harusi, mizani nane kwa nane, vina vimetulia. Bi mkubwa mmoja akanikata.

"Mwanangu, umejaza mno. Sisi tutaingilia wapi?"

Akaigonga pembe kwa kijiti, akauimba mstari wangu, maneno mawili ya mwisho akayaacha. Chumba kizima kikayadaka! Wanawake hawa nimewahoji sana. Wamenitajia nyimbo, harusi, hata ushindani wa vyama vya lelemama, ngoma nyingine ya wanawake, enzi za mama zao. Hili la kuwaachia wengine nafasi ya kuitikia hakuna aliyelitaja, maana mtu aliyeketi peke yake mbele ya kinasa sauti hana wa kumwitikia. Lilingoja wimbo ulioandikwa na watu wa kuuimba. Nimefurahi mno. Sura ya tatu itaanzia kwenye mstari huo, ukiwa umekatwa hivyo hivyo, na atakayetaka kuutoa mchezo atautoa na ushahidi.

Ila mdogo wangu ananitia wasiwasi. Alisema angepiga simu kutoka Muscat Ijumaa. Leo Jumapili, ujumbe wangu bado una tiki moja. Nimemwandikia na yule anayekaa naye chumba kimoja, naye hajajibu.