"Gross" si jumla: nilivyofasiri ankara ya vifungo

Neno lililonichelewesha kwenye ankara ya mwenye duka mmoja wa Biashara Street, hapa Mombasa, ni "gross". Watu wawili waliniambia bila kusita kwamba ni jumla kabla ya makato. Ushauri huo uliniudhi, maana nusu yake ni kweli: ndivyo lilivyo katika "gross weight" au "gross salary". Lakini likitanguliwa na nambari na kufuatwa na vitu vidogo vidogo, vifungo au penseli, ni dazeni 12, yaani 144.

Mwanzoni niliandika "vifungo, jumla 15". Bei ndiyo iliyoikataa tafsiri hiyo. Ankara ilisema gross 15, dola 43.20. Gawanya kwa 15, kila kifungo cha shati kinatoka dola 2.88. Nani atakinunua? Nikazidisha 15 kwa 144, nikapata 2,160. Nikagawa tena, kila kimoja senti 2. Hapo hesabu ikakaa. Siku hizi neno la idadi silifasiri kabla ya kugawa bei. Na ukiona "great gross", shika kalamu vizuri: hiyo ni gross 12, vifungo 1,728.

"Score" ni rahisi kwetu kwa sababu tunayo korija, nayo ni 20 vilevile. Ila "scores of people" usiihesabu; ni watu wengi tu, kama "dozens" na "hundreds". Nambari ikitangulia, ile -s huondoka: "three dozen", "two hundred".

"Pair" ya viatu ni jozi, lakini "a pair of trousers" ni suruali moja. Anayeandika mbili huongeza mzigo maradufu kwenye karatasi, kisha stoo wanatafuta suruali ambazo hazikupakiwa.

Kwa karatasi za zamani za Uingereza, tazama mwaka kwanza. Hadi 1974, "billion" ya huko kwa kawaida ilikuwa milioni mara milioni. Mwaka huo serikali yao ikakubali iwe milioni 1,000 katika takwimu zake.

Kwenye orodha za samaki, "species" ni ile ile, spishi ikiwa moja au kumi. Usiikate -s ukidhani umepata umoja: "specie" ni fedha za sarafu.