Gari chini, madeni je?

Kila nikipaki mahali lazima atokee mtu aniambie "uza hizo rimu ulipe madeni", na anayesema hivyo mara nyingi ni mmoja wa walionidhamini saccos, kwa hiyo kimoyomoyo namuelewa, mkopo wangu ukiyumba na yeye anaguswa. Ila ushauri wenyewe siukubali hata kidogo, maana unachukulia madeni yote ni kitu kimoja na kila kinachofungwa kwenye gari ni ujinga mmoja, na hayo yote mawili siyo kweli.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza, AS200, ile ya injini ya 1G-FE silinda sita, hosipawa 160 za kiwandani, siyo RS200 ya injini ya 3S-GE, yenye nguvu zaidi, ambayo vijana wanaililia. Wanaoniuliza turbo jibu ni hapana, kwa hela ya kufunga turbo kwenye hiyo injini na vyote vinavyofuata bora ununue gari lingine kabisa ulale usingizi.

Haya turudi kwenye madeni. La kwanza ni Bodi ya Mikopo, ule mkopo wa chuo, na hili ndo watu wengi wanalitolea jasho bila sababu. Wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi juu kwa juu kabla hela haijanifikia, na ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilishafutwa 2021, kwa hiyo salio haliongezeki wakati nakatwa, linashuka tu taratibu. Sasa nikipata hela ya ziada nikaikimbiza Bodi nimefaidika nini? Mshahara utaanza kuja umenona mapema kidogo, sawa, ila hakuna riba niliyookoa. Mimi hilo naliacha litembee na mwendo wake. Saccos nayo ya kazini inakatwa kwenye mshahara na riba yake ni ya kibinadamu, sina ugomvi nayo.

Lenye moto ni la tatu, kampuni ya mikopo, milioni 3 kwa asilimia 3 kwa mwezi, miezi 12. Ukisikia asilimia 3 unaona kitu kidogo, ila waulize inapigwaje. Riba ya flati inapigwa kwenye milioni 3 ile ile kila mwezi hata kama umesharudisha nusu, yaani elfu 90 mara 12, riba jumla 1,080,000, unalipa 340,000 kila mwezi. Asilimia 3 hiyo hiyo ikipigwa kwenye salio linalobaki, rejesho linakuwa kama 301,400 na riba yote haifiki hata laki sita na ishirini. Tofauti ni zaidi ya laki nne na nusu, na mikataba yote miwili imeandikwa asilimia 3 bana! Kingine, kabla hujapeleka hela ya kuwahi kumaliza uliza kwanza: nikimaliza leo riba ya miezi iliyobaki mnanifutia au nalipa yote? Wakisema unalipa yote, basi kuwahi hakuna maana, lipa kila mwezi kama mlivyokubaliana. Wangu walisema wanafuta, na nikawaomba waniandikie, kwa hiyo kila hela ya ziada, ovataimu, posho ya safari, inaenda huko.

Kausha damu sizungumzii sana kwa sababu hapo hakuna cha kubalansi. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea akiba za wateja, halafu mtaani unakuta mtu anakopa milioni kwa asilimia 20, yaani laki mbili kila mwezi zinaondoka na milioni bado iko pale pale imekutolea macho. Na zile aplikesheni za kwenye simu ndo usiseme, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 zinazokopesha bila leseni. Kama una deni la aina hiyo na una rimu, hapo sasa namuunga mkono mdhamini wangu, uza rimu leo jioni.

Upande wa gari swali langu ni moja tu, kitu nilichofunga nikikiuza kesho kinarudisha ngapi. Rimu za inchi 17 za mtumba nilizochukua Ilala, nikizitoa leo zinarudisha karibu hela yangu yote kama hazijapinda wala kuchubuka, kwa sababu soko lake lipo na zinaingia kwenye gari nyingi za Toyota za matundu matano. Koilova, yaani shokapu na springi za kurekebisha urefu wa gari, nazo zinauzika. Ila rangi, tinti, taa za kubandika chini ya gari, kukata springi, hiyo hela imekufa siku ile ile uliyolipa, na springi ikishakatwa hata gari lenyewe linashuka bei maana mnunuzi mwenye akili anainama kuangalia. Tinti tena inakuongezea bajeti ya trafiki, faini kila wakikuona na kosa. Sisemi usifanye, mtu na raha yake, ila uhesabu kama umeila, kama vile umekula kitimoto na washkaji, usijiite umewekeza.

Na matengenezo siyo modi, yaani vile vitu vya kunogesha gari, hapa watu wanajidanganya pande zote mbili. 1G-FE inatumia belti ya taimingi siyo cheni, hiyo belti haijui una deni, wakati wake ukifika inabadilishwa. Pedi za breki, boljointi, bushi, hivyo vinatoka kwenye bajeti ya gari kama mafuta, havigusi fungu la modi. Kinyume chake kuna mtu anakuambia "nimefanya savisi" kumbe kafunga stelingi ya mbao.

Fungu langu ni elfu 60 kwa mwezi, inaenda kwenye kibubu cha kwenye simu siku ile ile ya mshahara, baada ya rejesho siyo kabla. Ikifika bei ya kitu nanunua, isipofika nasubiri. Sharti ni kwamba kitu cha gari hakikopwi, na hili sharti linajaribiwa sana gereji kuliko benki. Juzi fundi wangu Tabata ameshalinyanyua gari juu ya jeki, ananionyesha shokapu ya nyuma inavyovuja oili, anaifuta na tambara inalowa tena, halafu anafungua boksi la koilova za mtu aliyesafiri. "Bosi, hizi zinakaa hapa hapa, wewe toa nusu tu leo, nyingine utamalizia mwezi ujao, sisi si tunajuana?" Nikamwambia fundi nifungie shokapu za kawaida. Akacheka, akasema nitarudi mwenyewe. Anajua biashara yake yule, maana nusu iliyobaki huwa inadaiwa siku umeleta gari kwa shida nyingine na ufunguo anao yeye.

Sasa hivi kibubu kina laki na themanini. Kuna egzosi nimeiona kwa jamaa Ilala, alianzia laki tatu na nusu, tumevutana mpaka tatu, hataki kushuka tena. Nimeigeuza nikaona imechomelewa sehemu mbili, moja safi, nyingine kama kachomelea usiku bila taa. Nikamwambia 260, akaniambia niende nikazunguke kwanza. Nimezunguka, kiukweli hakuna nzuri zaidi, ila hilo yeye simwambii.