Inakukwaruza wapi?

Jumapili iliyopita mwanangu alirudi kutoka Shule ya Jumapili na karatasi ya mstari wa kukariri, Mathayo 11:30. "Kwa maana nira yangu ni laini, na mzigo wangu ni mwepesi." Akausoma mara tatu mlangoni, viatu bado miguuni, kisha akauliza, "Baba, nira ni nini?"

Nikamjibu harakaharaka kwamba nira ni mzigo.

"Sasa mbona mzigo umetajwa tena hapo mbele?"

Nikakosa la kusema. Yeye kazaliwa Tabata, ng'ombe anawajua wa buchani na wa vitabuni. Mimi sina kisingizio. Shingo yangu imewahi kuingia kwenye nira.

Ilikuwa Desemba 1988, nikiwa darasa la tano, kule Kwimba. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo na kila mwenye maksai alikuwa shambani kabla ya jua, maana pamba ukiichelewesha na yenyewe inakuangusha. Mimi nilitangulia mbele kuongoza ng'ombe, baba kashika plau nyuma. Tulipofika mwisho wa tuta la nne, Waziri, maksai wetu mkongwe, akagoma kugeuka. Nikainua fimbo. Baba akasema, "Iache hiyo."

Akaja mbele, akainyanyua nira kidogo na kuchungulia. Hapo mbele ya nundu nywele zilikuwa zimenyonyoka, ngozi imekuwa nyekundu na inzi wamekwisha kuijua. Baba alipogusa kwa kidole, Waziri alitetemeka mwili mzima. Baba akafungua mnyororo. Ilikuwa saa tatu asubuhi, udongo uko vizuri kabisa, na majirani wote wanalima. Mama alipoleta uji akakuta ng'ombe wanakula majani. Alilalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika.

Mchana ule baba alikaa chini ya mwembe, nira ameilaza mapajani kama mtoto mgonjwa. Akavunja chupa ya soda, akachagua kipande chenye ukali, akaanza kukwangua. Hakuwa na haraka. Anakwangua, anapuliza unga wa mti, anafumba macho na kupitisha kiganja, kisha anarudi palepale. Akaniita. "Pitisha mkono." Nikapitisha, nikasema ni laini. Akatikisa kichwa, "Mkono una sugu. Njoo na shingo."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akainyanyua nira, akaiweka shingoni kwangu upande wa Waziri, na yeye akaingia upande wa pili. Nakumbuka harufu ya jasho la ng'ombe kwenye ule mti, na samli aliyokuwa ameipaka. Baba alikuwa mrefu, kwa hiyo aliposimama mti uliinama wote ukanilalia mimi, nikayumba. Hakusema kitu. Alikunja magoti taratibu mpaka mti ukalala sawa, nami nikahisi uzito ukiondoka kama mtu aliyenishusha debe la maji kichwani. Tukatembea hatua tano au sita hivi chini ya mwembe, yeye kachuchumaa nusu, anapumua kwa nguvu.

"Inakukwaruza wapi?"

Nikamwonyesha, upande wa kushoto, karibu na sikio. Akatoka, akakaa, akaendelea kukwangua palepale nilipoonyesha.

Waziri alipumzika mpaka kidonda kikakauka, na pamba yetu mwaka ule ilichelewa na ilikuwa haba. Baba hakuniambia lolote kuhusu Mathayo. Hakuwa mtu wa kuhubiri. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Justin, Mkristo aliyeandika katika karne ya 2, alisema Yesu katika useremala wake alitengeneza plau na nira. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini kwa muda. Kanisani nira nimeisikia zaidi kwenye maonyo ya ndoa, ule mstari wa kutofungiwa nira na wasioamini. Hii ya Mathayo naijua kwa shingo. Anayesema nira yake ni laini alijua kinachotokea kwenye ngozi ya mnyama fundi akiwa mvivu.

Kazini napanga zamu za wauguzi. Hilo swali la baba nimelitumia zaidi ya mafunzo yoyote ya uongozi. Muuguzi akianza kuchelewa, siinui fimbo kwanza. Namwita pembeni namuuliza inamkwaruza wapi, na mara nyingi kuna mtoto mchanga nyumbani, au daladala ya mwisho inayompita. Siwezi kuiondoa zamu ya usiku, wagonjwa wapo. Naweza kukwangua kidogo.

Basi nikamweleza mwanangu kwa mpini wa fagio. Tukauweka shingoni sebuleni, yeye huku, mimi kule, nikakunja magoti, tukatembea mpaka jikoni. Magoti yangu si ya baba. Nilipochoka nikasimama wima.

"Baba, ukisimama hivyo unaniumiza."

Alilisema bila nia yoyote, lakini usingizi ulinikataa usiku ule. Mama ana mwaka wa pili sasa hawezi kuinuka mwenyewe. Dada yangu ndiye anayemwogesha, anayemgeuza, anayeamka usiku. Mimi natuma hela kila mwisho wa mwezi, na kwa muda wote huu nimekuwa nikijiambia kwamba tumeshika pande mbili.

Jana nikampigia. Tukasalimiana, akanipa habari za mvua. Nikamuuliza, "Dada, inakukwaruza wapi?"

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha nikamsikia akivuta kigoda, akikaa.

"Una salio la kutosha, mdogo wangu?"