Shokesi ya Keko: kumbukumbu ya kupamba nyumba mpya kwa vitu vya zamani

10 Machi

Tumehamia Madale, Dar es Salaam, na magodoro mawili, friji, jiko la gesi na mwangwi. Ukipiga chafya sebuleni, korido nayo inapiga. Kuta zimepigwa skimu hadi zimelainika kama mtindi, dari la jipsam lina taa kumi na mbili ambazo sijui nani aliziomba, na marumaru za sentimita 60 kwa 60 zinang'aa mpaka mtoto anajitazama meno sakafuni. Fundi aliyetujengea akipita hapa husimama mlangoni, anatabasamu. Mimi nikiamka usiku kwenda kunywa maji najiona kama nimelazwa.

Mimi na mume wangu tumekubaliana hivi: sebule na korido zitajazwa vitu vilivyokwisha kutumika, bajeti shilingi 900,000, mwisho Septemba. Sharti lake ni kwamba wadudu wasiingie ndani. Langu ni kwamba chipbodi isiingie, ile ambayo ikimwagikiwa chai mara moja inavimba kama andazi.

Nimempigia shangazi Tanga kumweleza. "Nyumba mpya, vitu vya marehemu," akasema. "Haya." Waliolelewa na shangazi wanaijua hiyo "haya".

23 Machi

Watu huenda Keko kuagiza makochi na vitanda vipya. Mimi nilienda kuchungulia nyuma ya karakana, kule wanakorundika vya zamani walivyoachiwa na wateja. Katikati ya mabaki ya sponji nikaona shokesi: milango miwili ya vioo juu, droo mbili chini, imepakwa rangi ya maziwa, na juu yake kumewekwa makopo ya gundi na redio inayosoma magazeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Hii shokesi unauza?"

"Hiyo siuzi. Hiyo naweka gundi."

Kwa uzoefu wangu, kitu kisichouzwa ni kile ambacho bei yake bado inatafutwa. Nikavuta droo. Kona zake zimeumana kama vidole vya mikono miwili, hakuna msumari hata mmoja. Skrubu za bawaba zina mfereji mmoja kichwani, si zile za nyota za siku hizi. Mgongoni, mahali ambapo siku hizi wangepigilia plaiwudi nyembamba, kuna mbao kamili. Nikaomba kisu, nikakwangua kidogo chini ya rafu pasipoonekana: hudhurungi yenye wekundu. Mninga. Mzee akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza, na bei ikapanda palepale. Nilistahili, sikupaswa kuomba kisu mbele yake.

Alianza 200,000, tukamalizana kwa 130,000. Kirikuu 40,000 hadi nyumbani, na dereva alilalamika uzito njia nzima kama vile shokesi ilimkalia yeye.

25 Machi

Chini ya droo ya kushoto kuna karatasi ya gazeti la Uhuru, imekuwa ya njano, imeshikana na mbao. Kona yenye tarehe imeliwa. Nimeibandua taratibu kwa mvuke wa birika na kuilaza ndani ya atlasi ya mtoto. Mume wangu ameuliza swali moja tu: aliyekula tarehe ni nani?

Nimewasha tochi. Pande za droo zina matundu madogo, ya ukubwa wa ncha ya kalamu. Fukusi. Kwenye mninga wenyewe hakuna tundu, maana kiini cha mninga wadudu hawakipendi. Kumbe seremala wa zamani alibana matumizi: uso na miguu akatumia mninga, pande za droo akatumia mbao nyeupe laini, nadhani msonobari. Sikasiriki, nami ningefanya hivyo.

Shokesi imefukuzwa ndani. Inalala barazani, nimeifunika turubai.

8 Aprili

Kwa wenye vitu vyenye matundu: msikimbilie dawa. Tundu linaweza kuwa la miaka thelathini na mwenyewe alishaondoka. Piga-piga mbao unga wote utoke, tandika karatasi nyeusi chini, acha wiki mbili. Ukikuta vichuguu vipya vya unga mweupe, wapo kazini.

Wangu wapo kazini. Nimenunua dawa ya wadudu wa mbao, na bomba la sindano kwenye duka la dawa, ambako muuza duka aliniuliza mgonjwa ana umri gani. Nimejaza tundu moja moja, kisha nimezifunga droo kwenye nailoni nene nje kabisa, mbali na watoto.

2 Mei

Karatasi safi. Nimerudia kwa wiki nyingine ili mume wangu asaini.

11 Mei

Masika imekolea na droo zimegoma. Ile ya kulia inaingia nusu, inasimama kama punda. Nilishachukua randa mkononi nikakumbuka kumpigia mzee wa Keko.

"Usirande masika, mwanangu," akasema. "Mbao imekunywa maji. Ukiipunguza leo, kiangazi itacheza ndani kama jino bovu. Subiri Julai."

Mninga una sifa ya kutovimba wala kusinyaa sana hali ya hewa ikibadilika, na kweli mwili wa shokesi haujatikisika. Unaovimba ni ule ule msonobari wa pande za droo. Hivyo nasubiri, na huku nasubiri naendelea kutoa rangi.

Hapa nilitaka kufanya ujinga. Nilikuwa nimekodi mashine ya msasa, nipige siku moja nimalize. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Nikairudisha mashine. Nimetumia dawa ya kulainisha rangi, mkwanguo wa chuma, maji, glovu na barakoa, na taka zote zikaenda kwenye mfuko uliofungwa. Kazi ya siku moja ikawa ya Jumamosi nne. Chini ya rangi ya maziwa kulikuwa na kijani cha hospitali, chini ya kijani kulikuwa na buluu, na chini ya buluu kulikuwa na ule wekundu. Mninga ukikatwa ungali mti hutoa utomvu kama damu, na mbao yake hata baada ya miaka yote hiyo bado inaonyesha.

9 Juni

Mambo madogo kwa haraka. Taa ya meza ya shaba, 30,000, imetoka kwenye kontena la Marekani. Nimeichomeka kwa adapta, balbu imewaka kama radi na kufa. Balbu yao ni ya volti 120, umeme wetu ni 230. Taa yenyewe haina kosa, ni waya na kishikio tu. Fundi umeme amebadilisha waya, kishikio na plagi kwa 12,000, sasa inafanya kazi. Viti vinne vya mbao vya ofisi, 160,000, miguu mizima, vikalio vilihitaji sabuni. Nimekaribia kununua kochi "la Ulaya" zuri mno. Nikainua mto, nikapitisha kadi ya benki kwenye mshono, ikatoka na vidoa vyeusi na ganda la kunguni. Nimemshukuru muuzaji, nikaondoka nikijikuna hadi Mwenge.

30 Juni

Cherehani! Fundi nguo wa mtaani amehamia kwenye ya umeme, akaniuzia ya mguu kwa 150,000, nusu kwa huzuni. Ni Singer, namba yake inaanza na EF, ambayo ni alama ya kiwanda cha Clydebank, Scotland. Kiwanda hicho kilifungwa 1980. Hii bado inashona. Meza yake ilikuwa imeoza, lakini lile fremu la chuma chenye maua lilihitaji brashi ya waya na mafuta tu. Juu nimeweka kipande cha mbao ya msaji, masalia ya fundi mwingine, 45,000. Inakaa koridoni. Tunaweka funguo na barua, na watoto wanakanyaga pedali wakiongea na simu.

14 Julai

Fundi wa Keko mwenyewe amekuja Madale, 50,000 pamoja na chai. Ameranda droo unene wa karatasi mbili tu, kisha akaomba mshumaa. Nikadhani umeme umekatika. Akausugua kwenye njia za droo, akasukuma kwa kidole kimoja, ikaingia yenyewe.

Kumalizia nimepaka mafuta ya kitani mara mbili, halafu nta ya nyuki ya Tabora niliyoiyeyusha na tapentaini kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya maji moto, barazani, mbali na moto wa wazi. Vanishi inayong'aa nimeikataa, sakafu inatosha kwa kung'aa. Onyo moja: matambara yaliyoloa mafuta ya kitani msiyarundike. Yakikusanyika yanapata joto yenyewe na yanaweza kushika moto bila kiberiti. Yangu nimeyaanika moja moja kwenye kamba kama nguo za mtoto. Vifaa vyote, kuanzia dawa ya fukusi hadi nta, vimekula 68,000.

28 Julai

Tulikwenda Bagamoyo kutembea. Kijana mmoja alinivuta pembeni akanionyesha kwenye simu fremu ya mlango wa nakshi, kazi ya zamani, maua na minyororo, "tunaing'oa usiku mmoja tu, dada." Niseme ukweli, moyo uliruka. Ingekaa vizuri mno kwenye ule ukuta mweupe. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaiweka milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940 kwenye orodha ya vitu vinavyolindwa. Na hata bila sheria, mlango ule una nyumba yake. Mtu akisema kitu kitang'olewa usiku, mimi nakuwa nimeshachelewa basi la kurudi. Tulikula samaki tukarudi.

11 Agosti

Shokesi imeingia ndani rasmi, na inayumba. Mguu wa kushoto mbele uko hewani. Wiki nzima nimeilaumu: miguu imekatwa vibaya, uzee, safari ya kirikuu. Nilikuwa na msumeno mkononi, kweli, nipunguze ile mitatu. Mume wangu akaleta pima maji. Tukaiweka juu ya shokesi tukiwa tumeibana sawa: povu katikati. Tukaiweka kwenye marumaru: povu limekimbia. Sakafu inashuka milimita tisa ndani ya upana wa shokesi peke yake, kuelekea mlango mkubwa.

Baada ya hapo tukapima kila kitu, kama watu waliopewa kifaa cha kutafutia dhahabu. Kona ya sebule si mraba. Mkanda wa jipsam unapanda kuelekea dirishani. Hakuna aliyeona, kwa sababu vitu vipya tulivyokuwa navyo vyote vina miguu ya kuzungusha.

Nimechonga kabari kutoka kwenye kipande cha mninga kilichobaki. Imeingia chini ya mguu wa kushoto. Haionekani.

1 Septemba

Kanga ya bibi. Nimeiwaza tangu Machi. Ni ya Mombasa, pembeni ina alama ya mwenye duka, K.H.E. – MALI YA ABDULLA, na jina lake ni MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Fremu yenye kioo ya ukubwa huo ingekuwa mzigo, kanga ina karibu mita moja na nusu. Kwa hiyo nimeishonea mgongo wa kitambaa cha marekani, mishono mikubwa isiyoumiza uzi, nikapitisha fimbo ya mbao juu, 25,000. Imetazama mlango wa mbele, ukuta usiopigwa na jua la jioni, maana dirisha la magharibi lingeiua rangi kwa mwaka mmoja. Kuitundika ilichukua saa nzima: ukiifuata pima maji inaonekana imepinda kwa sababu ya dari, ukiifuata dari imepinda kweli. Nimefuata pima maji.

21 Septemba

Hesabu: 710,000. Zimebaki 190,000, na mume wangu ameshazipigia hesabu za tangi la maji.

Shangazi amefika jana na basi la jioni, amebeba kikapu cha machungwa na ndimu za Muheza. Alisimama mbele ya kanga muda mrefu. "Kanga huvaliwa, haitundikwi," akasema, lakini alikuwa anaisoma pindo kwa kidole. Akafungua droo ya shokesi, akaifunga. Akaifungua tena. Akauliza ilikuwa ya nani, nikamwambia sijui, akatikisa kichwa.

Halafu akainama kutoa ndimu, moja ikamponyoka. Ikabiringika kwenye marumaru polepole, ikapita chini ya meza, ikapita miguu ya viti, ikaelekea mlangoni bila haraka yoyote mpaka ikagota kizingiti. Sote tuliitazama.

"Mbona nyumba yenu inateremka?" akauliza.

Akaifuata, akaiokota, akaipangusa kwa kanga aliyojifunga, akaiweka juu ya shokesi. Ikatulia.